Kuweka kisawazisha mzigo kwa Python, na kuhakikisha seva zinapokea maombi

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiweka visawazisha mzigo (huduma zinazogawanya maombi ya watumiaji kati ya seva kadhaa) vya Amazon Web Services, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, kwa kubofya kwenye kivinjari, na kila nilipohitaji kingine cha majaribio nilisahau mpangilio mmoja au miwili. Sasa kazi hiyo huifanya skripti fupi ya Python inayotumia boto3, maktaba ya kuziagiza huduma hizo kutoka Python.

Mfuatano wake ni mwepesi. Agizo la create_target_group huunda kundi la seva zitakazopokea maombi, register_targets huziandikisha seva hizo, create_load_balancer huunda kisawazisha chenyewe, kisha create_listener huunda kisikilizi, yaani sehemu inayokifungulia poti, aghalabu 80 au 443, na kuyaelekeza maombi kwenye lile kundi. Kisawazisha cha aina ya Application huhitaji kwa kawaida mitandao midogo (subnet) isiyopungua miwili, kila mmoja katika kanda yake, yaani kituo au vituo vya data vilivyotengwa na vingine, ili kanda moja ikizimika huduma isikatike. Eneo la Cape Town, lililofunguliwa mwaka 2020, lina kanda tatu, nami huzitumia zote.

Skripti yangu ya kwanza ilisubiri kwa load_balancer_available, yaani hadi kisawazisha kiwe tayari, ikachapisha anwani, ikaishia hapo. Nilipoifungua anwani hiyo nilipata hitilafu 504, yaani seva iliyo nyuma haikujibu kwa wakati. Kisawazisha kilikuwa tayari kweli, lakini kundi la usalama (kanuni zinazoamua nani aruhusiwe kuunganika) la seva halikuwa limeruhusu maombi yanayotoka kwenye kundi la usalama la kisawazisha, kwa hiyo kila jaribio la kuunganika liliisha muda bila jibu. Jambo lililonichelewesha zaidi ni kwamba seva zote za kundi zikionekana mbovu, kisawazisha huendelea kuzipelekea maombi zote badala ya kuyakataa, na mtu asiyelijua hilo huamini kwamba ukaguzi wa afya, yaani maombi ya majaribio ambayo kisawazisha huzitumia seva kujua kama ni nzima, umepita.

Tangu siku hiyo, baada ya kuunda kisikilizi, skripti husubiri kwa target_in_service, yaani hadi seva zipite ukaguzi huo. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa sababu kundi ambalo halijaunganishwa na kisawazisha chochote hubaki katika hali ya unused (halitumiki) na seva zake hazikaguliwi. Kusubiri kukishindikana, skripti huita describe_target_health na kuchapisha sababu ya kila seva. Target.Timeout hunipeleka moja kwa moja kwenye makundi ya usalama, ilhali Target.ResponseCodeMismatch huonyesha kwamba seva imejibu, ila kwa namba isiyotarajiwa. Hili la pili hutokea sana kwa programu zinazomhamishia mgeni kwenye ukurasa wa kuingia, kwani ukaguzi hugonga njia ya / na kutarajia 200 (sawa), nayo programu hujibu 302 (nenda ukurasa mwingine). Ndiyo maana kila programu yangu ina njia yake ya /afya inayojibu 200, ambayo ndiyo hugongwa na ukaguzi.

Muda nao unastahili kuangaliwa. Kwa kawaida ukaguzi hufanyika kila baada ya sekunde 30, na seva iliyokwisha kuhesabiwa mbovu hurudishwa kazini baada ya kufaulu mara 5 mfululizo, yaani dakika mbili na zaidi. Kwa huduma zangu ndogo nimeushusha muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine hadi sekunde 10.

Wakati wa kubomoa, skripti hukifuta kisawazisha kwanza, kisha kundi la seva, kwa kuwa kundi ambalo kisikilizi bado kinalitumia haliwezi kufutwa.