The Expanse na joto la injini
Jana jioni pale Kenyatta Market, nyama ikiwa bado jikoni, tulibishana juu ya The Expanse, ile tamthilia ya safari za angani, hadi mchoma nyama akaja kusikiliza. Binamu yangu, fundi wa friji, haikubali kabisa ile injini ya Epstein, ya kubuni, inayosukuma meli zao. Shida yake si mwendo, ni joto. Angani hakuna hewa ya kulibeba, kwa hivyo meli hulitoa kwa mnururisho tu, yaani likitoka kama mwanga, na hapo unahitaji mabamba mapana ajabu. "Ingeyeyuka hiyo," akasema, akiichora kwa kidole kwenye soda iliyomwagika mezani.

Hapo nilimkubalia. Lakini jamani, meli zimejengwa kama ghorofa, injini chini kabisa, ili msukumo wenyewe uwakandamize watu sakafuni! Katikati ya safari wanaigeuza meli ili ipunguze mwendo. Na ujumbe kati ya Dunia na Mirihi huchelewa, maana mwanga wenyewe huchukua takriban dakika 3 hadi 22. Mimi naheshimu sana waandishi wanaobuni injini moja, kisha mengine wakayafuata kwa hesabu.

Mlioitazama, Ceres, ile sayari kibete, kuzungushwa hadi watu wapate uzito na watembee ndani yake mnaionaje? Binamu anasema ingepasuka vipande.