Nilianza kwa kubeba choo, sasa naongoza wageni Kilimanjaro

Watu wakisikia naongoza watalii mlimani, swali la kwanza ni baridi. Baridi ina dawa yake: soksi kavu na supu ya moto. Kilichonitoa jasho ni geti la Machame, moja ya mageti ya kuanzia kupanda, kupata tu mtu wa kuniita nibebe mzigo.

Asubuhi pale getini vijana hujazana wakisubiri msafara uliopungukiwa na wagumu, ndivyo tunavyoitwa wapagazi wa Kilimanjaro. Anayechagua anaangalia mabega na viatu. Akinifikia mimi, macho yanaruka. "Dada, huu mzigo si majani ya ng'ombe," mmoja aliniambia, wenzake wakacheka. Nilimshangaa. Mama yangu amepandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare hadi Kibosho maisha yake yote, na sikuwahi kusikia mwanaume akimwambia hiyo si kazi ya wanawake.

Bahati nzuri mzani hauna maneno. Mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20 na unapimwa getini, basi nikawa najisogeza karibu na mzani, wakipungukiwa mtu wananiona mimi kwanza. Halafu nikagundua mzigo ambao wanaume wanaukimbia: choo cha kubebeka cha wageni. Unakibeba, unakifungia kihema chake kila kambi, unakimwaga, unakisugua. Nikasema nipeni. Walinicheka, lakini nikawa na uhakika wa kazi. Tena mbeba choo anasalimiana na kila mgeni asubuhi na jioni, na Kiingereza changu kilianzia hapo, mlangoni pa choo.

Wapishi walijaribu kunivuta nikamenye viazi. Nilikataa kwa heshima, maana niliona wazi nikiingia jikoni nitazeekea humo.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Wagumu wengi hulala kwenye hema wanalolia chakula wageni, wamebanana, na mimi nimejikunyata pembeni mkoba ukiwa ukuta wangu. Ukiwa kwenye siku zako ndiyo usiseme. Nilichojifunza ni kudai mapema, mjini Moshi kabla gari halijaondoka: tuwe wasichana wawili, tupewe hema letu dogo. Ukidai mkiwa tayari kambini, jibu ni "vumilia".

Kozi ya huduma ya kwanza, ada kwa hela za tipu, usaili, leseni: hayo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa kila mtu.

Heshima ya wenzangu niliipatia kambi ya Barafu, mita 4,673, usiku wa kupanda kileleni. Mgeni mmoja, pande la mtu, alikuwa anajibu maswali kwa kuchelewa. Nikachora mstari vumbini kwa fimbo, nikamwomba atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akapepesuka kama aliyetoka kilabuni. Mtu akikosa mwendo hivyo kwenye mwinuko ule, huenda ubongo umeanza kuvimba, na dawa ya uhakika ni kumshusha, usiku huohuo. Akadai kuongea na "bosi". Kiongozi mwenzangu naye akaninong'oneza, "Amechoka tu, twende naye taratibu." Nikamwambia mwenzangu apande na wengine, huyu nashuka naye. Nikamshika mkono, mgumu mmoja akamshika wa pili, tukaifuata njia ya Mweka na tochi zetu. Kulipopambazuka alikuwa anatania, anaulizia chai na mayai. Kilele, mita 5,895, hakukiona, na alininunia kidogo mpaka getini. Sikujali.

Siku hizi orodha ya wagumu naandika mimi. Wasichana nawachukua wawili wawili, hema lao linapita mzanini kama mizigo mingine, na choo tunakibeba kwa zamu. Wanaume wanaanza.