Saa Mbili Zisizo na Mhubiri

Kila ninapokabidhiwa kazi ya kuandaa ratiba ya mafungo ya kiroho ya wanavyuo, huanza kwa kuandika saa mbili za ukimya kwa wino, kisha mengine yote nayaandika kwa penseli. Wenzangu katika kamati wamekwisha kunizoea, ingawa hakosekani mmoja wa kuuliza kama saa hizo haziwezi kupunguzwa ili mhubiri mgeni apate kipindi cha pili.

Mafungo ya kwanza niliyohudhuria, nikiwa mwaka wa pili chuoni, yalikuwa na mahubiri matano kwa siku, bila kuhesabu semina za alasiri na mkesha. Nilijaza daftari zima. Wiki mbili baadaye nililifungua nikakuta vichwa vya masomo nimevipigia mistari vizuri, lakini sikuweza kutaja hata kimoja kilichokuwa kimegusa namna ninavyoomba. Wahubiri hawakuwa na kosa. Walijiandaa na walisema kweli. Ila mwanachuo anashinda darasani wiki nzima akisikiliza mihadhara, na tukimleta mafungoni tukampa mihadhara mingine yenye sala mwanzoni na mwishoni, tumembadilishia ukumbi tu.

Mtume Paulo, anapomwandikia Timotheo katika waraka wa kwanza, sura ya 4, anamwambia ajizoeze kupata utauwa, yaani uchaji wa Mungu, na papo hapo anataja mazoezi ya mwili. Mwanariadha hapati pumzi kwa kuelezwa jinsi mbio zinavyokimbiwa, na hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya mafundisho, ambayo tunayo tele, na mazoezi, ambayo tunayaandika kwenye bango la tangazo kisha tunayasahau.

Mafungo ya pili yaliongozwa na mlezi mmoja mzee, mpole, asiyependa kipaza sauti. Asubuhi ya kwanza alipitisha kikapu tukaweka simu, akampa kila mmoja karatasi yenye mistari michache ya Injili ya Marko, akatuambia tutawanyike na tusirudi kabla ya saa mbili kupita. Dakika ishirini za mwanzo zilikuwa mateso. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi, na baada ya muda mfupi ukaenda tena. Niliwaza mtihani, nikawaza deni la mwenzangu wa chumbani, nikasoma mistari ile mara nne bila kuelewa, kisha nikalala usingizi mzito. Nilipokwenda kuungama kwamba nimepoteza muda wangu, mzee alicheka. “Mwanangu,” akasema, “nabii Eliya naye alilala kwanza, akaamshwa akala, akalala tena. Ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye, alipofika mlima Horebu.”

Kumbe alichokuwa akitufundisha kilikuwa cha kale. Katika karne ya 12 mtawa Guigo wa Pili aliueleza usomaji wa namna hiyo kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Vijana wetu hupanda viwili vya kwanza kwa wepesi, kwa sababu vinafanana na masomo yao. Cha tatu huwataka waseme jambo lao wenyewe kwa Mungu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Wanaohofia nafasi tupu katika ratiba mimi huwakumbusha mkutano wa Mount Hermon, Marekani, mwaka 1886, ambapo wanafunzi 251 walikaa karibu mwezi mzima wakijifunza Biblia. Umisionari haukuwa kiini cha ratiba ile. Ulikua katika vikundi vidogo vya maombi na mazungumzo ya wanafunzi wenyewe, na hadi mkutano unamalizika 100 kati yao walikuwa wamejitoa kwenda kuhubiri Injili ng’ambo. Sisi tuna siku tatu tu, najua, lakini hata siku tatu zina alasiri.

Hata hivyo ukimya si mchezo, na nimewahi kukosea kwa kuwaachia vijana peke yao kabisa. Kuna anayebeba msiba ambao kelele za chuo zilikuwa zikiufunika, na zikinyamaza, msiba huo huinuka wote kwa pamoja. Tangu hapo huhakikisha walezi wawili au watatu wanakaa mahali panapoonekana, wasimsogelee mtu, ila anayetaka kusema awapate bila kuwatafuta.

Mwaka huu msichana wa mwaka wa kwanza alinifuata mlangoni, ratiba mkononi, kidole kikiwa kwenye ile nafasi nyeupe. “Samahani, mwalimu, hapa tutafanya nini?” Nilimwambia achukue Biblia na maji ya kunywa, atafute kivuli, na usingizi ukimjia asishindane nao.