Nilivyofunga sola dukani baada ya benki kukataa

Watu wengi wananiuliza ile friza ya sola pale dukani nimeipataje, ngoja niandike yote hapa na mwingine afaidike.

Mi niko kijijini huku upande wa Sikonge, Tabora, nguzo za umeme hazijafika kwetu. Duka lilikua la jenereta na petroli ndo ilikua inakula faida, unauza soda baridi mchana kutwa, jioni ukipiga hesabu hela yote imeishia kwenye dumu. Sola nilikua naitaka siku nyingi ila petroli unanunua kwa lita, sola wanataka ulipie umeme wa miaka yote kwa siku moja. Hapo ndo wengi tunakwama.

Benki walitaka hati ya kiwanja, sina, ardhi ni ya kijiji. Nikawaambia basi paneli zenyewe ziwe dhamana, afisa akasema haiwezekani zinang'oleka kirahisi. Iliniuma sana jamani, maana bodaboda zinakopeshwa kila leo na zenyewe zinatembea.

Nikarudi kwenye kikoba chetu, pale unakopa mara tatu ya hisa zako. Haikutosha friza, ilitosha paneli moja, betri, taa na kuchaji simu. Nikaanza na hiyo hiyo, na hela za kuchaji simu za watu ndo zikawa marejesho, nilipomaliza nikakopa tena.

Sasa kununua. Nilienda mjini na kijana fundi aliyesoma VETA, na huyo fundi usimwache nyumbani hata kama itabidi umlipie nauli. Duka moja walitupa paneli imeandikwa wati 150, fundi akaomba tuitoe nje, ilikua saa sita jua kali, akagusisha nyaya zake kwenye mita upande wa ampea. Ya kweli ya volti 12 kwa jua lile inatakiwa icheze kwenye 8 hivi, ile ikasoma 4 na kitu. Muuzaji akasema dada hizo ndo wanachukua wote. Fundi akamjibu, basi wote wamelipia 150 wamepewa 70. Tukaondoka.

Betri nayo ina mambo. Ya asidi ya volti 12 iliyoandikwa Ah 100 (ampea-saa) kwa makaratasi inakupa wati 1,200 kwa saa moja tu halafu imeisha, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, watu wanaikamua mpaka inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo) inapiga kelele kila usiku, betri inakufa mapema halafu kijiji kizima kinaambiwa sola ni utapeli, na anayekuja kuumia ni yule aliyekua anajichanga anunue.

Friza nilichukua ya volti 12 moja kwa moja isiyohitaji inveta, kwasababu friza ya kawaida kompresa ikiwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa. Mchana jua likiwepo nagandisha chupa za maji, usiku naizima, zile chupa zinatunza ubaridi mpaka asubuhi na betri inabaki na taa tu.

Jenereta niliiuza. Na kikoba chetu sasa kinapokea paneli kama dhamana, mradi ipimwe kwanza juani mbele ya wanachama, na mita ya kupimia tumenunua ya kikundi.