Wadudu waliogandia kwenye pikipiki: ninavyowatoa bila kukwaruza kioo wala rangi

Ukipita barabara ya Morogoro kwenda Iringa jioni, mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi hawakuachi. Unafika unakokwenda, kioo cha mbele, taa, madigadi na tangi vyote vimepakwa mabawa, miguu na ute wa manjano. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa mdudu hagongi na kuanguka, anapasuka. Kinachobaki ni protini na mafuta, ambavyo vikipigwa na upepo na jua hushika kama gundi, na ndani yake mna vipande vya gamba. Gamba hilo likiwa kavu ni msasa. Ukilisugua unalitoa, ndiyo, lakini linaondoka na ngozi ya kioo au ya rangi.

Kwa hiyo sisugui. Nalowesha, nasubiri, halafu nafuta. Kusubiri ndiko kunakofanya kazi kubwa.

Kwanza pikipiki ipoe, na iwe kivulini. Kwenye tangi la moto sabuni hukauka kabla haijafanya lolote na kuacha madoa yake yenyewe. Naanza na maji matupu, ya mtiririko mdogo, ili vumbi na mchanga viondoke. Kisha nachukua khanga kuukuu au fulana ya pamba, nailowesha mpaka ichuruzike, naitandika juu ya kioo kizima. Wadudu wa siku hiyohiyo wanataka dakika 10. Waliolala siku mbili juani wanataka 20 au hata 30, na kila kitambaa kinapoanza kukauka namwagia maji tena. Maji yawe ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Usitumie maji yanayochemka: ute wa mdudu ni kama ute wa yai, ukiuivisha unaganda zaidi, na plastiki nayo haipendi joto hilo.

Nimesema plastiki kwa sababu kioo cha pikipiki si kioo. Karibu vyote ni polikaboneti au akriliki, na hapo ndipo vioo vingi vinapoharibikia. Mimi mwenyewe niliharibu kimoja kwa dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia. Mchana huoni kitu. Usiku, taa ya lori linalokuja mbele ikikupiga, kioo chote kinawaka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na huoni barabara. Nyufa za namna hiyo huanzia mara nyingi kwenye matundu ya skrubu, kwa kuwa pale plastiki tayari imebanwa. Petroli, thina na asetoni hufanya vivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi. Usiziguse kabisa, hata kwa tone moja la kutolea mguu wa panzi.

Kitambaa kikishalala muda wake, nakivuta taratibu kuelekea chini na wadudu wengi wanakuja nacho. Mabaki nayamaliza kwa ndoo ya lita 5 yenye shampuu ya magari, au ya mtoto mchanga, kijiko kimoja cha chai. Nafuta kwa kitambaa cha mikrofaiba, kutoka juu kwenda chini kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono, mkwaruzo wa mviringo unaonekana kutoka kila upande, ule wa mstari huonekana kidogo tu. Kila baada ya mikono miwili mitatu nageuza upande wa kitambaa, kisha nakisuuza kwenye ndoo ya pili yenye maji safi. Kikianguka chini hakirudi kwenye kazi, maana punje moja ya mchanga inatosha. Penye pembe za mpira na kuzunguka skrubu natumia mswaki laini wa mtoto. Dodoki, waya wa kusugulia sufuria na ule upande wa kijani wa sponji ya vyombo vibaki jikoni.

Kwenye rangi mwendo ni uleule, ila kuna mambo mawili. Kumbikumbi wana mafuta mengi, na kama shampuu imeshindwa natia tone la sabuni ya kuoshea vyombo pale penye doa tu. Sabuni hiyo huondoa nta pia, kwa hiyo panapooshwa nayo lazima papakwe nta upya. La pili ni haraka. Majimaji ya mdudu yana asidi kiasi, na yakiachwa juani siku kadhaa hula ile rangi angavu ya juu, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Ukiona kivuli cha mdudu kimebaki ilhali vidole havihisi kitu, hapo huna uchafu tena, una kovu. Polishi laini hupunguza kovu changa. Kukazana nalo ni kumaliza rangi. Kama tangi ni la rangi isiyong'aa, polishi na nta visiguse kabisa, vitaacha mabaka yanayong'aa na hayatoki.

Mashine ya maji ya presha siipeleki karibu. Inainua kingo za stika, inaingiza maji kwenye beringi za gurudumu, na mapezi ya rejeta inayalaza mara moja. Rejeta iliyojaa wadudu huziba hewa, injini ikachemka kwenye foleni. Mimi naimwagia maji ya bomba kutokea nyuma kuja mbele, ili wadudu warudi walikotokea, kisha brashi laini kwa kufuata mapezi.

Vikishakauka, rangi ing'aayo inapata nta: safu nyembamba sana, dakika 10 hivi mpaka ififie kama ukungu, halafu nafuta. Kwenye kioo natumia tu ile iliyoandikwa kuwa inafaa plastiki. Juu ya nta mdudu hashiki sana, na muda wa kulowesha unapungua karibu nusu. Nairudia kila miezi 2 au 3, msimu wa mvua mapema zaidi. Diski za breki, matairi na siti visipate hata alama, na nta ya kupuliza napulizia kwenye kitambaa, sipulizii pikipiki.

Safarini nabeba chupa ya kupuliza ya nusu lita, maji na matone mawili ya shampuu, pamoja na vitambaa viwili ndani ya mfuko wa plastiki. Nikisimama kujaza mafuta napuliza kioo cha mbele na cha helmeti, navifunika kwa kitambaa kilicholowa, na mpaka nimalize kulipa na kunywa maji wadudu wameshalainika. Brashi ya sponji inayokaa kwenye ndoo ya kituo siitumii: imeshafuta malori ishirini, na mchanga wote umo humo.