Dharura zangu zilikuwa na tarehe

Kwa miaka 6 nilikuwa mtu wa kukopa kila baada ya miezi mitatu au minne, na kila mara nilikuwa na sababu inayoeleweka. Ada ya watoto imefika. Bima ya gari inaisha wiki ijayo. Miwani ya mwanangu imevunjika. Matairi yamekwisha. Aliyeniuliza nilimjibu kwa neno moja, dharura, na nililiamini neno hilo kwa moyo wangu wote. Hatukuwa watu wa anasa. Mshahara wangu na wa mume wangu, ukijumlishwa, ulitutosha. Hata hivyo ulipofika mwaka wa 6, katika kila 100 iliyoingia nyumbani, 41 zilikwenda kwenye marejesho ya mikopo kabla hatujagusa kitu.

Naandika kwa ajili ya yule aliye pale nilipokuwa, anayelala akijilaumu kuwa ni mzembe wa pesa. Mimi nilijilaumu miaka yote hiyo, na lawama hazikunipunguzia deni hata moja. Kilichonisaidia ni kugundua kosa la hesabu: nilikuwa napanga bajeti ya mwezi, na maisha yalikuwa yananidai kwa mwaka.

Bajeti ya mwezi niliijua vizuri. Kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme, simu, akiba kidogo. Nilijaribu hata ile kanuni maarufu ya 50/30/20, yaani nusu ya mapato iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye mambo ya kupenda, na asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Ni kanuni nzuri kwa asiye na mzigo mkubwa wa mikopo. Mimi ambaye madeni peke yake yalikula 41 ilikuwa kama kuvalishwa nguo iliyopimiwa mtu mwingine. Kwenye karatasi kila mwezi ulifunga sawasawa. Kisha wiki ya pili linaingia jambo, bajeti inavunjika, nakopa.

Usiku mmoja wa Jumamosi, watoto wamelala, mume wangu aliweka mezani taarifa ya akaunti ya miezi 12 aliyokuwa ameichapisha. Zilikuwa kurasa 23. Tukachukua kalamu mbili, ya bluu kwa matumizi yaliyokuwemo kwenye bajeti, nyekundu kwa yale yaliyotushtukiza, tukaanza mstari kwa mstari.

"Mama, hii nayo ilikuwa dharura?" akaniuliza, kidole kikiwa juu ya bima ya gari.

"Ilikuwa dharura. Hukumbuki tulivyohangaika?"

Akafungua simu yake, akatafuta taarifa ya mwaka wa nyuma yake. Bima ilikuwepo, mwezi uleule, tofauti ya siku 2 tu.

Sikuwa na la kusema. Tukaendelea mpaka mwisho, na mistari myekundu ikafika 31. Tukairudia yote kwa swali moja: je, siku yake au majira yake yalijulikana? Mistari 26 ilijulikana. Ada za mihula, sare na vitabu vya mwanzo wa mwaka, bima, matengenezo ya gari ambayo fundi alikuwa ametuambia mapema, safari ya kwenda kuwaona wazazi, zawadi za harusi mbili tulizoalikwa miezi kadhaa kabla. Mitano tu ndiyo ilikuwa dharura kweli, kama ule usiku mtoto alipolazwa, na bomba lililopasuka tukiwa hatupo. Tulipojumlisha ile 26 tulipata karibu sehemu moja ya tano ya mapato yetu ya mwaka mzima. Sehemu moja ya tano ya pesa yetu haikuwemo kwenye bajeti, na hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tukiikopa kwa riba, mwaka baada ya mwaka.

Nakumbuka nililia kidogo. Mume wangu alinyanyuka akachemsha maji ya chai, akarudi na kikokotoo.

Tulichofanya usiku ule ni kuchukua kila mstari wenye tarehe na kuugawa kwa 12. Bima ya mwaka ikija kwa mkupuo ni mlima. Ikigawanywa kwa 12 inalingana na bili nyingine yoyote ya mwezi, na unaweza kuitafutia nafasi. Tatizo ni kwamba sisi nafasi hatukuwa nayo, kwa sababu ya zile 41. Ikabidi kwanza tuyatazame madeni yenyewe.

Yalikuwa manne. Mkopo wa benki tulioutumia kutengeneza paa, kadi ya mkopo, mikopo ya haraka ya kwenye simu, na pesa nilizoazima kwa rafiki yangu wa kazini. Nilidhani nayajua. Nilichojua ni kiasi cha rejesho tu. Bei ya kila deni sikuijua.

Nikaenda benki na mkataba wangu mkononi. Kijana aliyenihudumia hakuwa na kosa lolote, aliniambia tu kile alichofundishwa kusema: "Dada, riba yetu ni asilimia 10 kwa mwaka." Nikamwomba: "Kaka, nionyeshe riba ya mwezi wa mwisho." Akanitazama kidogo, kisha akageuza kikokotoo kiwe upande wangu.

Hesabu hii ningependa kila mkopaji aijue, kwa hiyo nitaieleza kwa namba nyepesi. Chukua mkopo wa 120,000 wa mwaka mmoja. Riba ya asilimia 10 inapigwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza, yaani 12,000, kwa hiyo kila mwezi unarejesha 11,000: 10,000 ya mkopo na 1,000 ya riba. Inaonekana sawa. Lakini mwezi wa 12 unadaiwa 10,000 tu ya ule mkopo, na bado unalipa riba ya 1,000, kana kwamba 120,000 yote ungali nayo mfukoni. Mkopeshaji anayetoza riba kwa salio linalopungua, yaani kwa kile tu ambacho bado unadaiwa, angehitaji kuweka karibu asilimia 18 ndipo akutoze marejesho hayohayo. Yaani asilimia 10 ya huyu na asilimia 18 ya yule ni bei moja. Nilikuwa nimelinganisha benki mbili na nikaichagua hii kwa kuwa namba yake ilikuwa ndogo.

Nikauliza swali la pili, ambalo ndilo lililobadilisha mpango wetu: nikiumaliza mkopo huu mapema, je, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Kwa mkataba wangu, hapana. Mikataba hutofautiana, ndiyo maana lazima uulize. Kwangu jibu lile lilimaanisha kwamba hakuna faida ya kuukimbiza mkopo wa benki. Ukae, ulipwe taratibu kwa tarehe zake, na kila senti ya ziada iende kwingine.

Kwingine kwenyewe kulitisha zaidi. Mikopo ya simu ilitoza asilimia 10 kwa siku 30. Mtindo wangu ulikuwa kulipa 110 na kukopa tena 100 siku hiyohiyo. Ukifanya hivyo miezi 12 umelipa gharama ya 120, na ile 100 bado unadaiwa. Kadi ilitoza asilimia 2 kwa mwezi, nami kwa miaka mingi nililipa kile kiwango cha chini, asilimia 5 ya salio. Nilikaa na kikokotoo nikahesabu mwezi mmoja mmoja: hata bila kuigusa kadi tena, salio lingechukua karibu miezi 22 kupungua nusu. Nusu tu. Kiwango cha chini hukuepusha na faini, basi. Huku kwenye kumaliza deni hakikufikishi haraka.

Kuna wanaosema anza na deni dogo ili upate moyo, na wengine wanasema anza na lenye riba kubwa. Kihesabu, wa pili wako sahihi. Sisi hatukuhitaji kuchagua, kwani ya simu yalikuwa madogo na ghali kuliko yote.

Pesa za kuanzia zilitoka wapi? Tuliuza gari. Sitalifanya hili lionekane jepesi. Mume wangu alilipenda lile gari, na mimi nilizoea kutofikiria mvua. Lakini katika ile mistari 26, gari peke yake lilikuwa na 9. Tulipoliuza tulipata kiasi cha kufuta mikopo yote ya simu na zaidi ya nusu ya kadi, na mistari 9 ikafutika kwenye mwaka uliofuata. Watoto waliuliza mara moja, tukawaambia ukweli, hawakuuliza tena.

Kwa rafiki yangu nilikwenda mwenyewe. Deni lake halikuwa na riba, ndiyo sababu nililiweka nyuma kila mwezi, na ndiyo sababu alikuwa ameanza kunisalimia kwa ufupi. "Shoga, sijakusahau," nikamwambia, na nikampa kiasi kidogo ninachoweza kila mwezi bila kukosa, na tarehe. Alisema afadhali kidogo chenye tarehe kuliko kikubwa cha ahadi. Nilimlipa kwa miezi 10.

Kisha nikafanya kosa. Kwa furaha ya kuona madeni yanapungua, nilimwaga kila kilichobaki kwenye kadi, mpaka akaunti ikawa tupu. Mwezi wa 5 tangu tuanze mpango huu mtoto akaugua, na usiku ule nikarudi kwenye mkopo wa simu. Niliumia kuliko mara zote za nyuma. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kwamba lazima kiwepo kitu kidogo pembeni hata kabla madeni hayajaisha. Kihesabu haikai sawa, akiba inakuletea asilimia chache kwa mwaka huku kadi inakula 24. Lakini bila ile akiba ndogo, dharura moja inakurudisha kwenye deni la bei mbaya kuliko yote. Tukasimamisha malipo ya ziada mpaka tukapata kiasi cha kuendesha nyumba kwa wiki 3. Ile akiba ya miezi 3 hadi 6 ambayo washauri wengi huisema tuliiacha kwa baadaye, na mpaka leo tuna ya miezi 2.

Siku ya mshahara ndiyo siku ya kazi. Nimeiagiza benki ihamishe pesa siku hiyohiyo kwenda kwenye mafungu yenye majina: Ada, Afya, Safari, Nyumba, Dharura. Kinachobaki kwenye akaunti kuu ndicho cha kutumia, na tunaweza kukitumia chote bila hofu. Mchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameeleza sana tabia hii ya watu kugawa pesa kwa mafungu akilini, wakati pesa ni pesa na ya fungu hili inaweza kulipia la pili. Ni tabia inayoweza kukuponza, kwa mfano ukiweka akiba huku na kudaiwa kwa riba kubwa kule. Kwangu imekuwa kinga. Pesa iliyoandikwa "Ada" mkono wangu hauifikii kirahisi kama ile isiyo na jina.

Matumizi ya kila siku nayaandika kwa mkono. Nilijaribu programu ya simu iliyokuwa inajirekodia yenyewe, na kwa kuwa ilijirekodia yenyewe sikuwa naitazama. Daftari la namna hii lina historia: Hani Motoko, mwandishi wa habari wa Japani, alibuni la kwake la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na Wajapani wanaliita kakeibo mpaka leo. Dakika 5 za jioni zinatosha. Kalamu inapoandika mara ya nne wiki moja kitu kilekile, mwenyewe unaacha.

Jambo moja tuligombana nalo kabla ya kulipatia dawa. Mwanzoni kila matumizi yalipita kwa mwenzake, na tukaanza kujibizana kama mwizi na askari. Sasa kila mmoja ana kiasi chake cha mwezi asichokitolea hesabu. Ni kidogo na kinalingana. Ugomvi umeisha.

Mwaka huu ujumbe wa shule kuhusu ada uliingia saa 4 asubuhi nikiwa kazini. Nilifungua simu, nikalipa kutoka kwenye fungu lake, nikampigia picha mume wangu ile stakabadhi nikamtumia. Akaandika: "Mama, umekopa wapi?" Nikamjibu, "Angalia jina la fungu." Alikaa kimya dakika kadhaa kisha akapiga simu, na hakuwa na la kuniambia, alitaka tu kusikia sauti.

Kadi ilikwisha mwezi wa 16. Mkopo wa benki umebakiza marejesho 7. Likilipwa la mwisho, kiasi hichohicho kitaanza kuingia kwenye fungu jipya la gari, siku ileile ya mshahara. Mume wangu ameshaliandika jina lake kwenye daftari, kwa kalamu ya bluu.