Mhubiri wa Barcelona na wasomi wa Kraków

Jamani, nimekesha nikisoma habari za Mtaguso wa Konstanz (1414–1418), yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki katika mji wa Konstanz, Ujerumani, na bado sijazimaliza. Nilimfuata Felip de Malla, mhubiri Mkatalani (mtu wa Katalunya, Hispania) aliyesomea teolojia Paris, akatumwa Konstanz na mfalme wa Aragon. Nilidhani nitakutana na mabishano ya mapapa watatu tu, kila mmoja akidai kiti ni chake. Kumbe mji huohuo ulikuwa na Wapolandi: Askofu Mkuu Mikołaj Trąba wa Gniezno, na Paweł Włodkowic, aliyekuwa rekta (mkuu) wa chuo cha Kraków.

Huyu Włodkowic ndiye aliyeninyima usingizi. Mwaka 1416 alisimama kutetea kwamba wapagani nao wana haki ya ardhi yao, na Mkristo hana ruhusa ya kuwapora kwa kisingizio cha dini. Aliowalenga ni watawa-askari wa Kiteutoni, waliokuwa wamepigwa na Poland na Lithuania pale Grunwald mwaka 1410. Mwaka 1416, hebu fikiria!

Papa Martin V alichaguliwa Novemba 1417. Malla alirudi kwao, na baadaye akawa rais wa Generalitat, chombo cha utawala cha Katalunya. Padri rais, tena mhubiri. Hotuba zake sijui zilikuwa ndefu kiasi gani!